Chai Iliyonusa Koti Langu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama kituoni katika mji nisioujua, sanduku langu likiwa limeondoka na basi jingine, nami nimebaki na mkoba, miwani na koti nililovaa. Baadhi yenu mmeniandikia kuniuliza kama sanduku lilipatikana. Halikupatikana. Liacheni sanduku. Lililonifika baada ya hapo ndilo linalonifanya nipite nyuma ya nyumba nikiwaona majirani.

Leo ninaungama. Na nitaungama yote, kwa sababu kwa miaka thelathini na minane nilifundisha watoto wa watu kwamba atakayesema nusu ya kweli atapewa sifuri kamili.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutembelea shamba la chai na kiwanda chake. Tulikuwa wasafiri wanane. Tuliahidiwa hewa safi, mandhari ya kijani na malazi ya siku mbili katika nyumba ya wageni iliyo ndani ya shamba. Mimi sikufuata hewa wala kijani. Nilimfuata mjukuu wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwongozaji wa wageni pale.

Alitupokea langoni, amevaa sare na kibandiko cha jina kifuani. Aliwasalimu wenzangu mmoja mmoja kwa tabasamu. Aliponifikia mimi, alinipa mkono kama anayepokea barua ya posta.

"Karibu sana, mgeni."

"Mgeni ni nani?"

Alininong'oneza, "Bibi, hapa kazini mimi si mjukuu wako. Mimi ni mwongozaji."

"Na mwongozaji hajui kuamkia?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Sasa ongoza."

Tulipokuwa tukipanda kilima alinivuta kando, akanieleza mambo yake haraka haraka. Alikuwa katika majaribio ya miezi mitatu, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kesho hiyo hiyo angekuja mnunuzi mkubwa kutoka ng'ambo, na katika kiwanda kizima hapakuwa na mtu aliyejua lugha ya mnunuzi huyo isipokuwa yeye.

"Nikimtafsiria vizuri, ninaandikwa kazi," alisema. "Likiharibika lolote, ninarudi kwako kukatakata mboga na kusahihishiwa sentensi."

"Kwani mboga zangu zina ubaya gani?"

"Mboga hazina ubaya, Bibi."

Nilielewa. Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya mwisho kunyamaza kwa faida ya mtu.

Shambani tulivishwa vikapu mgongoni. Hii ndiyo starehe ya siku hizi: mtu anasafiri siku nzima kwenda kufanya, kwa saa moja na kwa kicheko, kazi ambayo mwenziwe anaifanya kila siku bila kucheka. Mchumaji aliyepewa jukumu la kutufundisha alikuwa mama mwenye vidole vyepesi mno hata nisiweze kuvifuata kwa macho.

"Majani mawili na chipukizi lake," alituambia. "Mawili tu. Jani la tatu si chai, ni matandiko ya mbuzi."

Miongoni mwetu alikuwemo bwana mmoja aliyepiga picha kila kitu, pamoja na viatu vyake. Alimsogelea mchumaji yule.

"Mama, hebu chuma polepole kidogo. Picha inatikisika."

"Nikichuma polepole, baba, jioni kikapu changu utakijaza wewe?"

"Mara moja tu, mama."

"Basi piga picha ya kikapu. Hicho hakitikisiki."

Alipokuja kukagua kazi yangu, alichomoa jani moja, akaligeuza mbele na nyuma.

"Bibi, hapa umechuma chai au umefyeka uwanja?"

"Nimechuma."

"Jani hili limenizidi umri."

"Uzee si kosa, mwanangu."

"Kwa watu, Bibi. Kwenye chai ni kosa." Akakimwaga kikapu changu chote chini ya mche. Wenzangu walipiga makofi. Bwana wa Picha alisema lilikuwa tukio zuri sana, akaomba kimwagwe tena.

Kutoka hapo tukashuka kiwandani, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini.

Mlangoni palikuwa na ubao uliokataza marashi, manukato, vitunguu, samaki na sigara. Chini ya ubao aliketi mwanamke waliyemwita Mama Pua, ambaye kazi yake ilikuwa kumnusa kila anayeingia.

"Jani bichi la chai huvuta kila harufu iliyo karibu nalo," mjukuu wangu alitueleza. "Mwaka jana fundi mmoja alikula kitunguu humo ndani. Mzigo mzima ulitupwa. Na fundi akatupwa."

"Kwa kitunguu kimoja tu?" aliuliza Bwana wa Picha.

"Nusu. Na aliyemfungulia mlango alitupwa pia. Kanuni ndiyo hiyo: anayeingiza harufu anaondoka, na aliyemwingiza anaondoka mbele yake."

Mama Pua siku hiyo alikuwa na mafua. Macho yalimtiririka, na leso aliishika mkononi kama silaha. Hakunusa mtu. Aliuliza tu.

"Bibi, umejipaka nini?"

"Sikujipaka kitu."

"Marashi?"

"Sina."

"Kitunguu?"

"Sijala."

"Pita."

Kila jibu nililompa lilikuwa la kweli. Hakuniuliza habari za koti.

Koti lenyewe ni la sufu, zito, na kwa miezi kumi na mmoja kila mwaka hukaa kabatini pamoja na karafumaiti, vile vipande vyeupe vya kufukuzia nondo. Mimi nimelizoea, pua yangu hainiambii kitu. Lakini nawaambieni kweli, nondo hulipungia koti hilo mkono kutoka mbali. Nilipita nalo mlangoni nikiwa nimenyooka, nikijipongeza kwa kuwa nimejibu swali nililoulizwa na si jingine. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Mungu awasaidie popote walipo.

Ndani tuliingia kwanza katika ukumbi wa kunyaushia majani. Majani yalikuwa yametandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu, kila kimoja kirefu kuliko darasa, na kila kimoja kina feni kubwa upande wa kichwani inayovuta hewa na kuipitisha chini ya majani mpaka yalegee. Ukumbi ulikuwa na joto na ngurumo. Msimamizi wa vitanda, mtu mfupi mwenye kifua kilichotangulia, alikuwa akieleza jambo kwa kupiga kelele, nasi tukiitikia kwa vichwa bila kusikia.

Joto likanizidi. Nikavua koti, nikalitundika kwenye chuma kilichochomoza kando ya kitanda cha nne.

Baada ya hapo tulionyeshwa mashine za kusaga, sakafu ya kuchachushia ambako jani la kijani hugeuka rangi ya shaba mbele ya macho yako, na tanuri la kukaushia. Kisha tukaitwa kula. Nilikula vizuri.

Saa kumi jioni, nimeketi barazani katika nyumba ya wageni, upepo wa mlimani ukanipiga mabegani. Nikanyoosha mkono nivae koti.

Wasomaji wangu, nilijua papo hapo. Nililiona kwa akili yangu kama ninavyoiona karatasi hii: chuma kile hakikuwa cha kutundikia nguo. Kilikuwa mkono wa wavu uliofunika mdomo wa feni.

Ningeweza kusimama. Kiwanda kilikuwa mbali kiasi cha kwenda kuazima chumvi. Ningeweza kumwita mjukuu wangu nikamwambia kwa maneno manne, "Nimesahau koti langu kiwandani." Badala yake nilijiambia kwamba huenda limeanguka sakafuni. Nikajiambia kwamba huenda feni ya nne imezimwa. Nikaomba blanketi na chai. Chai!

Hilo ndilo ninaloungama. Kulitundika koti kulikuwa ujinga, na ujinga husameheka. Kuketi pale na blanketi nikijua ninachojua, hilo ni jambo jingine.

Asubuhi, kabla ya staftahi, mjukuu wangu aliingia chumbani kwangu bila kubisha. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu.

"Koti lako," alisema.

"Lilikuwa wapi?"

"Bibi, usiniulize swali unalojua jibu lake. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Niliketi kitandani. "Sakafuni?"

"Lilikuwa limenyonywa kwenye wavu wa feni, limekaa bapa kama picha ukutani. Hewa yote ya kitanda cha nne imepita kwenye koti lako tangu jana. Nimelibandua kabla Msimamizi hajafika."

"Na majani?"

"Yamekwisha kusagwa na zamu ya usiku. Yako kwenye tanuri. Saa nane yanaonjwa mbele ya mnunuzi."

"Mwambie Meneja."

"Nimwambie nini? Kwamba aliyeingiza harufu ni bibi yangu, na aliyemwingiza ni mimi?" Sauti yake ilipasuka kidogo, akaikusanya. "Leo ndiyo siku yangu, Bibi. Nakuomba jambo moja, sijawahi kukuomba jingine. Uwe bubu mpaka saa tisa."

Nilimwahidi. Na alipotoka nilibaki nikiutazama ule mfuko, nikijiuliza tangu lini mtoto niliyemlea mimi amejua kuficha kitu kwa mafundo matatu.

Chumba cha kuonjea kilikuwa cheupe chote, na meza ndefu yenye vikombe sita vilivyopangwa kwa mstari, kimoja kwa kila kitanda cha kiwandani. Wageni tuliketi ukutani kama wazazi siku ya kufunga shule. Kwenye kichwa cha meza alisimama Meneja, mwenye suti iliyombana kwa furaha. Mnunuzi alikuwa mtu mrefu, wa kijivu, asiyepoteza neno. Ubavuni pake mjukuu wangu, hatua moja kutoka kiti changu. Na anayeonja alikuwa mzee wa kiwanda aliyeitwa Ulimi, ambaye kwa miaka thelathini ulimi wake ndio uliokuwa ukiamua chai ipi iende ng'ambo na ipi ibaki ikanywewe na sisi.

Ulimi alichota kijiko cha kikombe cha kwanza akakivuta kwa kishindo cha kutisha, akakizungusha kinywani, akatema ndani ya ndoo. Kwa kishindo hicho mimi nilikuwa nikimwondoa mtoto mezani.

"Nzuri. Ina nguvu."

Cha pili. "Nzuri." Cha tatu. "Ya kawaida."

Akavuta cha nne.

Hakutema. Alisimama na shavu limevimba, akiutazama ukuta. Kisha akatema kwa heshima, kama mtu aliyepata habari mbaya.

"Vipi?" aliuliza Meneja.

"Inanuka sanduku la marehemu," alisema Ulimi.

Meneja akacheka kwa meno tu. Lakini mnunuzi alikuwa amekwisha kuchukua kijiko chake. Akavuta. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda ambao mimi nilisali sala mbili na kuanza ya tatu.

Akafumbua macho, akatamka neno moja. Fupi. Silabi mbili.

Meneja akamgeukia mjukuu wangu. "Anasema nini?"

"Anasema hajapata kuonja chai yenye kina kama hiki," alijibu mjukuu wangu. "Anasema ina ubaridi wa alfajiri juu ya milima, na inampeleka mbali sana."

Nilimvuta ukingo wa sare. "Yote hayo kwa neno moja?"

"Lugha yao ni ya mkato, Bibi."

Chumba kikabadilika. Meneja aliuachia mkanda wake tundu moja. "Mwambie ni udongo! Udongo wa upande ule tumeutunza miaka na miaka."

"Mwambie na mikono," alidakia Msimamizi wa vitanda kutoka mlangoni. "Kitanda cha nne ni changu. Kila saa nilikuwa nakigeuza mwenyewe."

"Nilihisi tangu kijiko cha kwanza," alisema Ulimi. "Nilisema ina urithi."

Meneja alimkazia macho. "Ulisema sanduku la marehemu."

"Na urithi hutoka wapi, Meneja, kama si sandukuni?"

Mnunuzi akatoa karatasi za mkataba, akatoa kalamu. Akasema sentensi ndefu, yenye kona nyingi, huku akiutazama upande wetu ukutani.

"Anasema nini?"

"Anauliza bibi yule ni nani," alisema mjukuu wangu.

"Safi kabisa!" Meneja akapiga makofi. "Mwambie ni mgeni wetu, alikagua kiwanda chote jana kwa macho yake. Bibi, simama. Mweleze mgeni ulivyouona usafi wetu. Hebu sema neno." Akainama kwa mjukuu wangu, lakini mtu aliyezoea kupayuka juu ya mashine hawezi kunong'ona. "Ukiimalizia hii vizuri, binti, barua yako ya kazi iko mezani kwangu. Imebaki sahihi tu."

Nilisimama, nikasogea mezani kando ya mjukuu wangu.

Nilikuwa nimeahidi kuwa bubu mpaka saa tisa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Lakini sasa nilikuwa nimeulizwa, na aliyeniuliza aliniuliza nilichokiona.

"Bwana mgeni," nilisema. "Jana nilitundika koti langu kwenye mdomo wa feni ya kitanda cha nne. Koti hilo huwekwa na karafumaiti ili lisiliwe na nondo. Unachokionja si udongo wala mikono ya mtu, ni kabati langu. Binti huyu hakujua lolote mpaka asubuhi ya leo. Kosa ni langu peke yangu, na nililijua tangu jana jioni nikanyamaza."

Ulimi akaweka kijiko chini. Msimamizi wa vitanda akagundua kwamba ana kazi mahali pengine. Bwana wa Picha, kwa mara ya kwanza, alishusha kamera.

"Bibi amechoka na safari," alisema Meneja.

"Sijachoka."

Akamgeukia mjukuu wangu. "Usiyatafsiri hayo."

"Yatafsiri," nikasema mimi.

"Binti, barua yako!"

"Mjukuu wangu," nikamwita mimi.

Ndipo Meneja alipojua sisi ni nani. Uso wake ulipita rangi mbili tatu kabla ya kutulia kwenye ile asiyokuja nayo. Mnunuzi alikuwa akitutazama kwa zamu, kichwa upande mmoja, akingoja apewe alichokuwa akinyimwa.

Mjukuu wangu alinitazama kama alivyonitazama akiwa na miaka sita, sukari ikiwa imemjaa kwenye midomo, nami nikimwambia aseme mwenyewe ameila au hakuila. Kisha akamgeukia mgeni, akasema naye.

Nilisikiliza. Miaka thelathini na minane nimefundisha lugha, nimewakatia watu maksi kwa nukta iliyokaa pabaya, na siku ambayo sentensi moja ilikuwa na maana kuliko zote nilizowahi kusahihisha, sikuelewa hata kiunganishi. Nilichoweza ni kuhesabu. Mimi nilikuwa nimesema sentensi tano. Yeye alisema tatu.

Mgeni hakushtuka. Aliisogeza karatasi mbele yake, akanitazama juu mpaka chini, akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema nini?" aliuliza Meneja, na Ulimi, na nadhani hata mimi.

Mjukuu wangu alinigeukia mimi.

"Anauliza kama Bibi ana makoti mengine."

Meneja ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Ulimi akafuata, kisha Bwana wa Picha, kisha ukuta mzima. "Mwambie yapo!" Meneja alipaza sauti, akijifuta machozi. "Mwambie yamejaa tele! Bibi, unayo mangapi?"

Mimi nilimtazama mgeni usoni. Hakuwa akicheka, kama mtu asiyejua kuna mzaha gani. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi bila kuigusa, na macho yake yalikuwa kwa mjukuu wangu, ambaye hakumtazama.

Chini ya meza kidole cha mjukuu wangu kilinitafuta, kikakishika changu. Kilikuwa cha baridi.

"Jibu, Bibi," aliniambia taratibu. "Lolote utakalosema, mimi nitalitafsiri."